Kufufua mgodi wa zamani kupitia shafti zake: kazi inaanzia wapi na inakwamia wapi

Pendekezo la kufufua mgodi wa chini ya ardhi likifika kwenye ofisi ya mwekezaji Upper Hill au Westlands, hoja inayovutia ni moja: shafti, yale mashimo ya wima ya kushukia mgodini, zipo, zilishachimbwa, kwa hiyo pesa nyingi zimeokolewa. Kenya ina migodi ya aina hiyo. Rosterman, kando ya mji wa Kakamega, ulifungwa mwaka 1952. Macalder, kule Migori, ulitoa shaba na dhahabu hadi 1966. Jirani zetu wa Uganda wana Kilembe, uliochimbwa shaba kuanzia 1956 hadi 1982. Bei za madini zimepanda sana tangu siku hizo, na mawe yaliyoachwa kwa kuwa hayakulipa enzi zile huenda leo yakalipa.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ila ina pengo. Shafti ya zamani ni mali, lakini mara nyingi si kwa kazi iliyochimbiwa. Watu huinunua kama njia ya kupandishia mawe, kumbe faida yake kubwa ni kutolea maji, kupitisha hewa na kuwa mlango wa pili wa kutokea. Anayelijua hilo mapema hupanga bajeti nyingine kabisa. Asiyelijua hugundua akiwa ameshanunua winchi.

Karatasi kwanza, na ziko Nairobi

Mgodi wenyewe uko Kakamega au Migori, lakini kumbukumbu zake nyingi zimekaa mjini. Ripoti za jiolojia za enzi ya ukoloni hutafutwa Madini House, Machakos Road, Industrial Area. Barua, leseni na taarifa za makampuni hutafutwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Ramani za eneo ziko Survey of Kenya, Ruaraka.

Vitu vinavyotafutwa ni vinne: ramani za kila orofa ya mgodi, mchoro wa wima unaoonyesha shafti na vyumba vilivyochimbwa, rekodi ya tani zilizosagwa kila mwaka, na rekodi ya pampu. Kisha linganisha tarehe ya ramani ya mwisho na tarehe ya kufungwa. Ikiwa ramani ni ya miezi mingi kabla ya kufungwa, kuna njia zilizochimbwa ambazo hazikuchorwa. Kule Pennsylvania, Julai 2002, wachimbaji 9 wa mgodi wa Quecreek walitoboa ukuta wa mgodi jirani uliojaa maji kwa sababu ramani waliyokuwa nayo haikuonyesha uchimbaji wa mwisho. Wote waliokolewa baada ya zaidi ya saa 77, lakini si kila anayekosea ramani hupata bahati hiyo.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wapimaji wazuri. Ramani za Survey of Kenya za 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, wakati simu na GPS husoma WGS84. Hapa kwetu mifumo hiyo imepishana karibu mita 300 upande wa kaskazini na kusini. Ukihamisha namba za ramani kwenye GPS bila kubadilisha mfumo, utatoboa kwenye shamba la mtu mwingine. Ramani za mgodi nazo hutumia futi, gridi ya mgodi wenyewe, na kaskazini ya dira ya miaka ile, ambayo tangu wakati huo imesogea. Dawa ni kutafuta alama mbili au tatu ambazo bado zinaonekana ardhini, kama midomo ya shafti au msingi wa kinu, kuzipima upya, kisha kuilaza ramani nzima juu yake.

Rekodi ya tani inatoa jambo la thamani kuliko linavyoonekana: ukubwa wa tundu lililo chini. Tani 300,000 za mwamba wenye uzito wa tani 2.7 kwa mita ya ujazo zimeacha nafasi ya takribani mita za ujazo 111,000. Ongeza njia zilizopita kwenye mwamba usio na madini, toa vyumba vilivyojazwa vifusi. Namba hiyo iandike mahali, maana itahitajika kwenye maji.

Mdomo wa shafti

Usiamini kifuniko. Shafti nyingi zilifunikwa kwa magogo, chuma au zege jembamba juu ya mbao, kisha udongo ukamwagwa na majani yakaota. Mbao zimeoza, na kinachoonekana kama uwanja ni ngozi tu. Uzio uwekwe mbali, na mtu wa kwanza kukaribia avae mkanda wa mwili mzima uliofungwa kwenye nanga iliyo nje ya eneo linaloweza kutitia.

Ukanda wa magharibi una udongo mwekundu na mwamba uliooza hadi kina kirefu, na sehemu hiyo ya juu ndiyo huanguka kwanza, hasa maji ya mvua yanapoteremka ndani. Chimba mtaro wa kuyageuza, kisha jenga pete mpya ya zege iliyoshikiliwa kwenye mwamba mgumu, si juu ya udongo. Mahali ambapo wachimbaji wadogo wamekuwa wakifanya kazi, mashimo yao yapimwe pia. Mengine yameshatoboa njia za zamani, na huko ndiko hewa na maji vitapitia bila ruhusa ya mtu. Wachimbaji hao pia wana taarifa ambazo hazimo kwenye nyaraka zozote: wanajua ni wapi ardhi ililia, wapi maji yalichipuka, wapi taa ilizimika. Wahojiwe kwa heshima na walipwe kwa muda wao.

Hewa

Mgodi uliofungwa haukai mtupu. Mbao zinazooza na madini ya salfa hula oksijeni na kuacha hewa nzito yenye kaboni dioksidi inayotuama chini. Maji yaliyosimama kwa miaka hushika salfidi ya haidrojeni, ile gesi ya harufu ya yai viza, na pampu au mguu ukiyatikisa gesi hutoka kwa ghafla. Ikifika takribani sehemu 100 kwa milioni, pua hufa ganzi. Harufu hupotea, na mtu hudhani hatari imeondoka.

Upimaji unafanywa hivi. Funga kipima gesi chenye vihisi vinne (oksijeni, monoksidi ya kaboni, salfidi ya haidrojeni na gesi zinazolipuka) kwenye kamba iliyowekwa alama kila mita 10. Hakikisha kimejaribiwa kwa gesi ya majaribio asubuhi hiyo. Shusha hadi alama ya kwanza, subiri dakika mbili kwa sababu vihisi huchelewa, endelea hadi juu kidogo ya maji, kisha pandisha na usome kumbukumbu ya kiwango cha juu na cha chini. Oksijeni ya kawaida ni asilimia 20.9, na kengele hulia ikishuka chini ya 19.5. Salfidi ya haidrojeni ikifika 10 kwa milioni hakuna mtu kuingia.

Mwinuko nao uhesabiwe. Kakamega iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni kama asilimia 85 ya ile ya Mombasa. Oksijeni ya asilimia 17 shimoni Kakamega, mwili huipokea kama 14 hadi 15 ya pwani. Jedwali za usalama zilizoandikwa kwa usawa wa bahari haziachi nafasi kubwa ya makosa huku.

Halafu kuna saa ya siku. Karibu na ikweta kanieneo hupanda hadi karibu saa nne asubuhi, kisha hushuka hadi karibu saa kumi alasiri, karibu kila siku. Kanieneo ikishuka, mgodi hutoa pumzi: hewa mbaya iliyofichwa kwenye vyumba vya pembeni hutoka na kujaa kwenye shafti. Shimo lililopimwa safi saa nne linaweza kuua saa kumi. Pima nyakati zote mbili, kwa siku kadhaa, na ikiwezekana kabla na baada ya mvua. Kushusha mshumaa au koroboi hakutoshi. Moto huonyesha upungufu wa oksijeni tu, hauonyeshi sumu, na pakiwa na methani ni kiberiti kwenye petroli.

Anayeanguka shimoni hafuatwi na mtu asiye na mtungi wa kupumulia. Sheria hii iandikwe kwenye ubao mlangoni, kwa sababu katika ajali za gesi wengi wa wanaokufa huwa wale waliokimbilia kumwokoa wa kwanza.

Maji

Hapa ndipo miradi mingi hufilisika, na kosa la kwanza hufanyika kwenye duka la pampu. Mtu huenda Industrial Area, ananunua pampu kubwa ya dizeli inayovuta maji kutoka juu, anaipakia kwenye lori. Pampu ya kuvuta hutegemea kanieneo ya hewa. Katika mwinuko wa mita 1,500 hata nadharia hairuhusu kuvuta zaidi ya mita 8.6 hivi, na kwa vitendo ni 5 au 6. Pampu ya mgodini lazima izame ndani ya maji na kuyasukuma juu.

Kosa la pili ni sampuli. Maji ndani ya shafti iliyofurika hujipanga kwa tabaka: ya mvua, mepesi na masafi, hukaa juu, mazito yenye chumvi za metali hukaa chini. Chupa iliyojazwa juu inaweza kuonyesha maji ya kunyweshea ng'ombe, na wiki kadhaa baadaye pampu ikaleta maji ya rangi ya kutu yenye asidi. Tumia chupa maalumu inayofungwa kwa kamba ikiwa kinani, chukua sampuli kila mita 20 au 25 na mbele ya kila orofa, na shusha kipimo cha joto na chumvi kwenye urefu wote. Maabara ipime angalau pH, chuma, aseniki, shaba, risasi, zinki, salfeti na zebaki. Aseniki haikwepeki kwa sababu mara nyingi huandamana na dhahabu ya ukanda huu. Zebaki kwa sababu ya usafishaji wa dhahabu uliofanywa karibu na midomo ya mashimo.

Sasa ile namba ya mita za ujazo 111,000. Pampu ya mita za ujazo 100 kwa saa hutoa 2,400 kwa siku. Maji yanayoingia yakiwa 800 kwa siku, unachopunguza ni 1,600, na mgodi utakauka kwa siku 69 au 70. Mvua za masika zikipandisha maji yanayoingia hadi 1,600, kasi yako inashuka hadi nusu, na kazi ya miezi miwili na kidogo inakuwa ya miezi minne na nusu. Maji yanayoingia usiyakisie. Punguza pampu hadi usawa wa maji usimame palepale kwa siku nzima: kiasi unachotoa hapo ndicho kinachoingia. Rudia jaribio hilo kila unapofika orofa mpya.

Umeme: kuinua mita moja ya ujazo kwa mita 150, kwa pampu na mota zenye ufanisi wa asilimia 60, hula karibu uniti 0.7. Mita za ujazo 2,400 kwa siku ni uniti 1,600 na ushee, kila siku, kabla msuguano wa bomba haujahesabiwa. Ukitegemea jenereta, hesabu lita 450 hadi 500 za dizeli.

Bomba nalo lina uzito. Bomba la chuma la inchi 6, likiwa limejaa maji, huwa na kilo 47 hivi kwa mita. Mita 200 ni zaidi ya tani 9. Mzigo huo unaning'inizwa kwenye mihimili mipya ya chuma iliyokaa kwenye zege la juu, kamwe si kwenye mbao za zamani za shafti. Weka vali za kuzuia maji kurudi, zaidi ya moja, maana stima ikipotea safu nzima ya maji hurudi kwa kishindo na kupasua viungo.

Na kuna dalili moja ambayo wengi huipokea kama habari njema. Shafti ya mita 2 kwa 4 yenyewe ina maji machache: mita 200 za kina ni mita za ujazo 1,600 tu. Usawa wa maji ukishuka kwa kasi kuliko hesabu ya tundu zima, maana yake si kwamba kazi imerahisika. Njia zinazounganisha shafti na vyumba zimezibwa na vifusi, na maji mengi yamebaki nyuma ya kizuizi. Mita 60 za maji nyuma ya ukuta wa matope husukuma kwa tani 60 kwa kila mita ya mraba. Ukuta ukiachia, hakuna anayekimbia. Ndiyo sababu shafti ya pili hupimwa kila siku: viwango vya shafti zote mbili vinatakiwa kushuka pamoja, na visiposhuka pamoja, pampu isimame hadi ijulikane kwa nini. Agosti 2015 huko Colorado, mafundi waliokuwa wakichimbua mlango uliozibwa wa mgodi wa Gold King walifungulia takribani lita milioni 11 za maji yenye metali, yakaingia mto Animas na kuugeuza rangi ya chungwa.

Hata pale njia zote ziko wazi, usikimbize maji. Maji yalikuwa yakisaidia kuta kusimama, na yaliyo ndani ya nyufa za mwamba huchelewa kutoka. Ukiyashusha ghafla shimoni, yale ya ndani husukuma ukuta kuelekea kwenye nafasi tupu. Mbao zilizokaa majini bila hewa huenda zikaonekana imara kama jana, kisha zikaoza upesi zikiguswa na hewa. Mita moja au mbili kwa siku, na mapumziko kwenye kila orofa, ni mwendo ambao mwamba unaweza kuuvumilia hadi tabia yake ijulikane.

Maji yanayotoka yanahitaji mahali pa kwenda kabla ya pampu kuwashwa. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka pH ya maji yanayomwagwa kwenye mazingira kati ya 6.5 na 8.5, na chembe zisizozidi miligramu 30 kwa lita. Kwa kawaida huchanganywa chokaa, kama ile ya Koru, ili pH ipande na metali zigande, kisha maji hutulia kwenye mabwawa mawili au matatu yaliyotandikwa vizuri. Tope linalobaki ni taka yenye sumu na linahitaji eneo lake. Cornwall, Uingereza, mgodi wa bati wa South Crofty uliofungwa 1998 ulianza kutolewa maji Oktoba 2023, baada ya mtambo wa kusafisha maji kujengwa. Mpangilio ndio huo. Vilevile, pima visima vya majirani kabla ya kuanza. Vingine vitapungua, na mwenye kisima hatakuwa na sababu ya kukuamini ikiwa hukuwa umepima mwanzoni.

Kushuka na kukarabati

Ukarabati huenda sambamba na maji, kutoka juu kwenda chini, juu ya jukwaa linaloning'inia lenye paa la chuma. Kwanza kamera na skana ya leza hushushwa bila mtu. Kisha mafundi huangusha mawe yaliyolegea, hupiga nanga za chuma na wavu, hunyunyizia zege inapobidi, na hubadilisha fremu moja baada ya nyingine. Fremu ya zamani haiondolewi kabla mwamba ulio nyuma yake haujashikwa. Ngazi za zamani zisitumike hata kwa dharura.

Shafti inaweza kubeba nini?

Tuseme yote yamekwenda vizuri na shafti imesimama: mita 200, nafasi ya ndoo moja ya tani 2. Kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde, kwenda na kurudi pamoja na kujaza na kumwaga ni kama dakika 4. Hizo ni safari 15 kwa saa, tani 30. Winchi hiyohiyo hupandisha watu, mbao na vifusi, na hukaguliwa kila siku, kwa hiyo saa 12 za mawe kwa siku ni makadirio mazuri. Tani 360. Hata ukipata dhahabu maradufu chini, tani 360 ndicho kinywa cha mgodi wako, na kinu cha tani 1,000 kitakaa bila kazi.

Mashine nazo lazima zipite. Kipakiaji cha kisasa hakiingii kwenye shafti ya mita 2 kwa 4 bila kukatwa vipande na kuunganishwa upya chini. Kikishafika, kinahitaji hewa: kanuni inayotumika sana ni mita za ujazo 0.06 kwa sekunde kwa kila kilowati ya dizeli, yaani mashine ya kilowati 100 inataka mita za ujazo 6 kwa sekunde yeye peke yake.

Kwa hiyo wahandisi wengi huchimba njia mpya ya mteremko, mita 1 chini kwa kila mita 7 mbele. Kufika kina cha mita 200 ni mita 1,400 za handaki, kazi kubwa, lakini malori na vipakiaji hupita humo vikiwa vizima. Shafti ya zamani huwekwa feni juu na kuwa njia ya kutolea hewa chafu, hubeba bomba na nyaya, na ya pili huwekewa kizimba kidogo cha kutokea. Handaki lenyewe lichimbwe maji yakiwa yameshashuka chini ya kina chake, na mashimo ya uchunguzi yatangulie mbele ya kila mlipuko, kwa sababu ya zile njia ambazo hazikuchorwa. Mgodi mdogo wa mshipa mwembamba wenye dhahabu nzito unaweza kuishi kwa shafti na ndoo. Mgodi wa mawe hafifu mengi hauwezi.

Vibali na dhamana

Kwa ufupi: leseni hutolewa chini ya Sheria ya Madini ya 2016, tathmini ya mazingira hupitia NEMA, kutoa na kumwaga maji kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na baruti zina sheria yake. Mrabaha hugawanywa asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii, kwa hiyo watu wa eneo wana haki ya kujua hesabu za tani tangu mwanzo.

Sheria inadai pia dhamana ya mazingira, na kiasi chake ndicho cha kujadiliwa kwa makini kabla ya pampu kuwashwa. Mgodi uliokaushwa nusu kisha ukaachwa ni mbaya kuliko ulivyokutwa. Hewa ikiguswa na pairaiti (madini ya chuma na salfa) kwenye kuta hutengeneza asidi na chumvi, na maji yakirudi huziyeyusha zote kwa mara moja. Mgodi wa Wheal Jane, Cornwall, ulizimwa pampu mwaka 1991, na Januari 1992 maji yake yenye asidi na metali yalipasua njia yakamwagika hadi kwenye mlango wa mto Fal. Dhamana inayotosha hulipia miaka kadhaa ya chokaa, umeme wa pampu, mlinzi wa mabwawa, sampuli za kila mwezi na vifuniko vipya vya zege juu ya kila shafti, kwa hesabu ya mwekezaji anayeondoka siku ile mgodi umekauka nusu.